Mkono Kichwani

Nduta, yule anayepiga tarumbeta na kuiongoza bendi yenu pale Westlands, aliniuliza juzi kwa nini nikija kuwafundisha sitaki mtu yeyote aweke mkono kichwani. Wengine mlicheka. Mlidhani ni uzee, au ni ushirikina wa sisi watu wa Pwani. Nikamwambia nitawaandikia, maana nikilisema kwa mdomo sitafika mwisho. Basi nimevaa miwani, nimekaa kitako, na mnivumilie, kwa sababu mtu aliyepiga besi zaidi ya miaka arobaini hajazoea kusikilizwa.

Nasema besi ya kusimama, ile kubwa ya mbao inayompita mpigaji kimo. Siku hizi mnaifunga kwenye mfuko mzuri wenye magurudumu. Mimi nilikuwa naifunika blanketi. Siku moja ya mvua naiingiza hoteli moja katikati ya jiji, askari wa mlangoni akanisimamisha.

"Mzee, huyo umebeba ni nani?"

"Ni besi."

"Besi ako na kichwa?"

"Ana kichwa, ana shingo, na kiuno pia anacho. Mapafu tu ndiyo hana."

Hakucheka. Akaingiza mkono chini ya blanketi kupapasa, kidole kikagusa waya mnene, waya ukanguruma, na yule bwana akaruka hadi kwenye vyungu vya maua. Tangu siku hiyo kila nikifika alinifungulia mlango akiwa mbali.

Na nyuzi. Ninyi uzi ukianza kufifia sauti mnaagiza mpya kwa simu. Sisi tulizichemsha. Mke wangu Zuhura alirudi kutoka sokoni akanikuta nimesimama jikoni nakoroga nyuzi nne kwenye sufuria yake ya pilau. Akazitazama, akanitazama, akasema, "Baka, leo tunakula waya?" Ukitaka kujaribu, tia sabuni ya unga kidogo kwenye maji, dakika kumi zatosha, kisha ukaushe vizuri kwa taulo kabla kutu haijaingia. Lakini nunua sufuria yako mwenyewe. Nililala na njaa siku hiyo, na nilistahili.

Malengelenge ya vidole usiyatumbue. Yaache yakauke yenyewe, upige taratibu, na baada ya miezi kadhaa utakuwa na ngozi kama ya kisigino. Hilo nilifundishwa na Bwana Mungai, kama nilivyofundishwa naye karibu kila kitu kingine.

Mungai alikuwa mpiga saksafoni. Alijifunza kwenye bendi ya serikali, zile za magwaride, kisha jioni akawa anakwenda kwa rafiki aliyekuwa na gramafoni na kusikiliza jazz ya Wamarekani weusi. Walikuwa wakiweka kidole pembeni ya sahani ili izunguke polepole, wapate kushika noti moja moja. Sahani ngapi ziliharibika sijui. Leo mnabonyeza simu na wimbo unapunguza mwendo bila hata sauti kubadilika. Siwaonei wivu, ila namkumbuka yeye akinionyesha alama ya kidole hicho, kimeingia bonde kidogo ubavuni, akijivunia kama jeraha la vita.

Alinikuta kwenye harusi moja nikipiga gitaa la besi. Wimbo ulipoisha akanijia, suti yake ya kijivu imepigwa pasi, akasema, "Kijana, unapiga kama mtu anakimbia mvua. Nani anakufukuza?" Nikamwambia kila mtu anapenda haraka yangu. Akasema, "Wewe kuja Woodley Alhamisi." Nikaenda. Miezi sita ya kwanza alinikataza kupiga kitu chochote isipokuwa pigo la kwanza la kila duara, yaani kila mzunguko wa wimbo. Moja, nyamaza. Moja, nyamaza. Nilirudi nyumbani nikiapa sitamwona tena, na Alhamisi ikifika niko mlangoni kwake.

Nyumba yake ilikuwa mojawapo ya zile za zamani za kaunsili ya jiji, yenye baraza dogo na ua wa michongoma. Tulifanya mazoezi sebuleni. Mkewe, Mama Wairimu, alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na kila Alhamisi mchana alikuwa keshasukuma viti ukutani kabla hatujafika. Hakukaa kusikiliza. Alisema muziki wetu hauna mwisho unaoeleweka. Lakini chai yake ilikuwa na tangawizi ya kutosha, na ukikosea jikoni kulisikika kikohozi.

Tulikuwa wanne: Mungai na saksafoni, Bi Tereza kwenye piano, ambaye Jumapili asubuhi alipiga kinanda kanisani na alasiri akapiga jazz, Oloo kwenye ngoma, na mimi. Oloo hakuweza kunyamaza. Hata akipiga alikuwa anaongea. Bendi hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo tulipiga katikati ya jiji, kwenye mahoteli yaliyokuwa na kumbi za mbao na watu waliovaa tai kuja kula chakula cha mchana. Ukipita leo, ukumbi tuliopenda kuliko wote umekatwakatwa vibanda vya kuuza kava za simu. Jukwaa lilipokuwa kuna dada anabandika kucha. Nilisimama pale mwaka jana nikitafuta mahali nilipokuwa naegemeza besi, yule dada akaniuliza, "Babu, unatafuta nini?" nikaenda zangu. Jazz ilihamia upande wa magharibi, kwenye bustani za Jumapili huko Kitisuru na kwingineko, chini ya mahema meupe, watoto wakirukaruka kwenye jumba la hewa. Tukaifuata.

Sasa nifike kwenye mkono.

Mungai hakusema neno jukwaani. Aliongoza kwa ishara. Kiwiko kikiinuka, punguzeni sauti. Akipinda goti, mwendo unashuka nusu. Na mkono juu ya kichwa maana yake turudi kichwani. Kwa yule asiyejua jazz: wimbo una kichwa, yaani ile tuni yenyewe ambayo watu wanaitambua. Tunaipiga wote mara ya kwanza, kisha kila mmoja anapewa nafasi ya kuzunguka peke yake na kutunga papo hapo, na hiyo ndiyo solo. Kiongozi akiona imetosha anaweka kiganja utosini, na wote tunarudi kwenye kichwa na kumaliza pamoja. Bendi nyingi duniani zina ishara hiyo. Kwetu ilikuwa sheria. Ukiuona mkono, hata kama uko katikati ya jambo tamu kiasi gani, unarudi.

Wakati mmoja mjini inzi alimsumbua Mungai, akajipiga kofi utosini. Sote watatu tukarudi kichwani kama askari gwarideni, na mwimbaji mgeni aliyekuwa ndio kwanza anaanza ubeti wake akabaki amefungua mdomo. Mungai alikasirika sana. "Sasa hata kujikuna siruhusiwi?" Oloo akajibu, "Mzee, wewe hata kuumwa na kichwa ni mpaka tufike mapumziko." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mzaha huo ulikaa kwenye bendi miaka mingi. Tulikuwa tukiurudia kila tulipokuwa na mgeni.

Naona aibu kuandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nilikuwa na kinyongo changu, nacho kilikuwa cha solo. Besi ndiyo inayoshika nyumba, wenzako wakienda matembezi wewe unabaki. Mungai aliamini hivyo, na kwa mwaka mzima ningepata solo mbili au tatu, fupi, wakati watu wanakwenda kuchukua chakula. Nilipokuwa kijana sikujali. Nilipofika miaka hamsini na kitu nikaanza kuhesabu. Nilikuwa na mambo ya kusema kwenye ile mbao, na niliona nitazeeka bila kuyasema.

Alhamisi moja tukiwa mazoezini akasimamisha wimbo. "Bakari, unakimbia tena. Miaka yote hii na bado unakimbia." Alisema mbele ya Tereza na Oloo. Ilikuwa kweli, nilikuwa nakimbia. Lakini nikamjibu, "Sikimbii. Wewe ndiye unaogopa mtu mwingine asikike."

Hakuna aliyekohoa jikoni. Mungai alinitazama, akautoa ule mwanzi wa mdomo wa saksafoni, akaupangusa kwa kitambaa, akaurudisha. Akasema, "Haya, turudie." Tukarudia. Sikumwomba msamaha na sikumuaga nilipoondoka.

Jumapili yake tulikuwa bustanini Kitisuru. Mungai alikuja amevaa suti ileile ya kijivu, akakataa chakula, akasema amechoka kidogo. Nilimsikia akimwambia Tereza. Mimi nilikuwa sijamsalimia, ila kwa kuinua kidevu. Kwenye wimbo wa tatu, baada ya solo ya Tereza, akageuka, akanielekezea saksafoni. Besi. Tena si wakati wa watu kwenda kuchukua chakula, bali wakati wote wamekaa.

Vijana, nitawaambia ukweli bila unyenyekevu wa uongo. Nilipiga. Nilianza kwa noti chache, nikaacha nafasi, nikarudi, na kila nilipokwenda kulikuwa na njia. Sikukimbia hata kidogo. Wahudumu walisimama na sinia mikononi. Oloo aliweka chini fimbo za ngoma akabaki na brashi laini tu, akinong'ona, "Endelea, Baka, endelea." Nilikuwa naingia duara la nne, na nilijua hasa ninakokwenda, nilipoinua macho nikaona mkono wa Mungai uko kichwani.

Ulikuwa mkono wa kushoto. Yeye alitumia wa kulia siku zote. Niliona, na sikutaka kufikiri, kwa sababu hasira ilikuwa imeshanijaa. Nilijisemea, huyu amenipa ili aninyang'anye mbele ya watu. Amelipiza la Alhamisi. Nikarudi kichwani kwa pigo moja zito, Tereza na Oloo wakanifuata kama ilivyo sheria, nami nikageuza uso nikautazama ua wa michongoma wa bustani ile. Nilifanya makusudi. Sikutaka kumwona.

Saksafoni haikuingia. Nikasema moyoni, nuna basi, tutamaliza bila wewe. Tukamaliza. Watu wakasimama kupiga makofi, na nikainama kuwashukuru bado nikiangalia upande. Nyuma yangu nilimsikia Oloo akiuliza, "Mzee, uko sawa?" Sikusikia jibu. Oloo alisema baadaye kwamba Mungai alikuwa ameketi kwenye stuli, midomo ikasogea, naye akadhani anasema tuendelee. Kama Oloo angeniuliza mimi nionavyo, ningegeuka. Hakuniuliza, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza wimbo mwingine.

Niliuanza mimi. Hakuna aliyeniambia nianze.

Tulikuwa katikati ya wimbo huo Tereza alipopiga kelele. Saksafoni ilikuwa imeteleza kutoka mapajani mwa Mungai ikaanguka kwenye mawe, na yeye hakuinama kuiokota.

Mteja mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Video ikasambaa kabla hata watu hawajajua habari, na aliyeituma kwanza ameandika chini yake kwamba hii ndiyo Jumapili tamu. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Mungai anatoa mdomo kwenye saksafoni. Anaweka mkono kichwani na kuubana, kama mtu anayezuia kofia isipeperuke. Anatutazama mmoja mmoja. Ananitazama mimi mwisho, na mimi natazama michongoma. Kuanzia hapo mpaka saksafoni ianguke, kwa hesabu yangu, ni dakika nane.

Hospitalini walisema ni kiharusi. Upande wote wa kulia ulikuwa umelala, na maneno yamekwenda. Daktari alituuliza, "Ilianza saa ngapi?" Akarudia, ilionekana jambo hilo lina uzito kwake. Oloo akajibu, "Ameanguka tu ghafla, daktari." Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, Mama Wairimu kashika mkono wangu, na sikusema kitu. Daktari akaandika alichoambiwa.

Kama ningesema ingesaidia? Sijui. Sijamuuliza daktari yeyote tangu siku hiyo, na ninajua kwa nini sijauliza.

Aliishi miezi tisa. Kila Alhamisi saa ile ile ya mazoezi nilikwenda Woodley. Nilimnyoa ndevu, nikamkata kucha, nikamwekea jazz kwenye simu, polepole, kama alivyopenda yeye zamani na kidole chake. Mkono wa kushoto ulikuwa ukipigapiga paja, na mwendo wake haukuyumba. Akiniona naingia alikuwa anasema, "Ba. Ba." Huenda alikuwa ananiita. Huenda ndiyo sauti pekee iliyombakia. Kila Alhamisi nilikwenda nimeshapanga maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayasema njiani, Ngong Road nzima, midomo inatembea mpaka watu wananipisha. Nikifika, Mama Wairimu ananipa chai, namtazama Mungai, nachukua wembe naanza kumnyoa. Nilijiambia wiki ijayo. Nilijiambia hivyo mpaka siku Wairimu, binti yao, aliponipigia simu asubuhi, akalia kabla hajasema lolote.

Tulimzika kwao Kikuyu. Baada ya hapo sikupiga besi tena. Mnapenda kusema nilistaafu kwa sababu ya vidole, nami nimewaacha mseme hivyo. Vidole vinauma, ni kweli. Lakini kilichonishinda ni kwamba kila nilipoikumbatia ile mbao nilijikuta nimegeuza uso kando.

Ndiyo maana nawasumbua. Turudi kichwani kwa ngumi iliyoinuliwa, kama Nduta anavyofanya sasa, na mwili wa mtu tuuachie mambo yake. Na mkiwa jukwaani mtazamane usoni, hasa mkiwa mmekosana. Mkikosana ndipo mtazamane zaidi. Wimbo unaweza kusimamishwa. Watu waliokuja kula kuku hawatakufa ukisimama.

Wiki mbili baada ya maziko nilikwenda Woodley, Alhamisi, nikamkuta Mama Wairimu peke yake. Viti alikuwa amevisukuma ukutani, sijui kwa mazoea au kwa nini. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama. Ugomvi, ambao alikuwa ameusikia. Solo. Mkono wa kushoto. Michongoma. Wimbo niliouanza mwenyewe. Swali la daktari. Nililia, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu msiba ulikuwa wake.

Alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia. Hakuacha.

"Hiyo video niliiona, Bakari. Wairimu alinionyesha hata kabla Baba yake atoke hospitali. Nikaona umegeuza uso. Nikasema, huyu atakuja kuniambia. Nikangoja."

"Mama Wairimu..."

"Umekunywa chai hapa miezi tisa."

Alikaa kwenye mkono wa kiti, akaniashiria na mimi nikae, nikakaa.

"Nataka kukuuliza kitu moja tu. Mimi mambo ya solo sijui, na ile video sauti yake ni ya watu kuongea. Wewe ndiye unajua. Hiyo solo yako ilikuwa nzuri?"

Nilitamani kusema ilikuwa mbaya. Nilikuwa nimefungua mdomo kulisema. Lakini nilikuwa nimeshamficha vya kutosha mwanamke huyu.

"Ilikuwa nzuri," nikamwambia. "Sijawahi kupiga vile maishani."

Akatikisa kichwa taratibu, kama nilivyomwona akifanya zamani akisahihisha vitabu vya wanafunzi pale mezani.

"Basi hapo ndipo ungejua ni mgonjwa," akasema. "Mungai hangekatiza kitu nzuri."